Gogo la Mjomba

Katika stoo ya nyuma ya nyumba yangu, pamoja na jembe lisilo na mpini na ndoo mbili zilizotoboka, kuna gogo la mti wa mninga. Urefu wake wapata futi moja, na unene wake ni kama paja la mtu mzima. Pande zake mbili zimechongwa kwa shoka zikawa bapa, ili likae chini lisibingirike, na upande wa juu lina kovu la mstari, refu kama kidole, lililoachwa na chuma. Wageni wakiliona hudhani ni kigoda ambacho fundi alichoka kabla hajakimaliza. Wajukuu zangu hulikalia wakimenya machungwa. Mke wangu amekwisha kuniuliza mara nyingi kwa nini silipasui tukapikia maharage, nami humjibu kwamba gogo lile ninadaiwa nalo.

Sikuwahi kuliandika deni hilo. Lakini mwaka jana, nikitoka kununua mkate asubuhi, nilimkuta kijana wa jirani amelala chini ya Toyota yake, miguu tu ikionekana nje. Gari lilikuwa limesimama juu ya jeki, ile ndogo ya kukunjika inayokuja na gari, na chini ya jeki aliweka tofali la saruji ili apate kimo. Hapakuwa na kitu kingine. Moyo ulinipiga kwa nguvu hata nikaangusha mkate. Nilimwita kwa upole, maana mtu aliye mahali kama pale hashtuliwi, nikamwomba atoke nje kwanza tusalimiane. Alipotoka nikamwambia nina hadithi ndefu kidogo. Hadithi hiyo ndiyo hii.

Tuanze na jina lenyewe. Neno jeki tumelipata kwa Waingereza, na kwao Jack ni jina la mtu, tena jina la kawaida kabisa. Zamani lilitumika kumwita kijana yeyote wa kazi, mtumishi asiye na cheo ambaye bwana hakujisumbua kujua jina lake halisi. Vilipobuniwa vifaa vya kufanya kazi za vijana hao, kama vile chombo cha kugeuzia nyama juu ya moto, au kibao cha kuvulia mabuti, navyo vikapewa jina hilo hilo. Chombo cha kuinulia mizigo kikaitwa hivyo pia. Jeki, basi, ni kijana wa kazi aliyefanywa chuma.

Nasi katika nchi zetu tulikuwa na kijana wetu wa kazi, naye alikuwa wa nyama na damu. Tulimwita utingo, na wengine wakamwita tandiboi. Wazee wa malori walikuwa wakitueleza kwamba jina hili la pili lilitokana na kazi ya kuzungusha: kijana yule ndiye aliyezungusha ule mtaimbo wa mbele ili injini iwake, siku ambazo magari hayakuwashwa kwa ufunguo. Ndiye pia aliyepakia na kushusha, aliyeruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi lori liliposita mlimani, na aliyeingia uvunguni pancha ilipotokea. Kwa hiyo gari liliposhindwa kwenda, waliitwa vijana wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa damu, na mara nyingi wa pili alilala chini ya wa kwanza.

Kuhusu huyo wa chuma, historia yake ni ndefu. Jeki za skrubu, zinazoinua kwa kuzungushwa, zilichorwa na mafundi wa Ulaya karne nyingi kabla ya gari la kwanza kuzaliwa. Jeki ya mafuta ndiyo changa. Mizizi yake ni mawazo ya Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662. Yeye alifafanua kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa chomboni, msukumo husambaa kila upande bila kupungua. Ukiwa na mdomo mdogo wenye eneo la sentimita moja ya mraba, na mdomo mkubwa wenye sentimita 20, kisha ukausukuma ule mdogo kwa uzito wa kilo 50, ule mkubwa utainua kilo 1,000. Malipo yake ni kwamba ili mzigo upande sentimita moja, mkono wako lazima usukume sentimita 20. Ndiyo maana tunapiga pampu mara nyingi na gari linapanda kidogo kidogo.

Mwingereza Joseph Bramah ndiye aliyeugeuza ujuzi huo kuwa mashine, akaipatia hataza mwaka 1795. Shida iliyomsumbua haikuwa nguvu. Ilikuwa ni kuvuja. Panapo msukumo mkubwa, kimiminika hutafuta upenyo kando ya pistoni, na upenyo mdogo tu ukipatikana mzigo hushuka. Inasimuliwa kwamba fundi wake kijana, Henry Maudslay, ndiye aliyepata dawa: pete ya ngozi iliyotengenezwa kama kikombe, ambayo kadiri msukumo unavyozidi ndivyo inavyojibana zaidi ukutani. Leo pete hiyo ni ya mpira na mafundi huiita sili. Kumbuka, msomaji, jambo hili, kwani nitalirudia: nguvu zote za jeki ya mafuta, hata iwe ya tani ishirini, zimekalia pete moja laini ambayo huioni.

Mwaka 1851 Richard Dudgeon, mzaliwa wa Scotland aliyehamia New York, alipata hataza ya jeki ya mafuta ya kubebeka, ndiye babu wa zile jeki fupi zenye umbo la chupa tunazoziona nyuma ya viti vya malori. Lakini miaka miwili kabla yake, kule Wales, lilitokea tukio ambalo kwangu ni somo kubwa kuliko hataza zote.

Wakati huo mhandisi Robert Stephenson alikuwa akijenga daraja la reli liitwalo Britannia, la kuvuka mlango wa bahari wa Menai. Daraja lile lilikuwa ni mirija mikubwa ya chuma, treni ikipita ndani yake kama panya ndani ya bomba. Kila mrija mkubwa ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,500. Mirija hiyo iliundwa ufukoni, ikaelea majini mpaka chini ya minara, kisha ikabidi iinuliwe juu sana kwa mashine za Bramah. Wasaidizi walitamani mrija upandishwe kwa haraka. Stephenson alikataa. Aliamuru kwamba kila mrija unapopanda kidogo, mafundi wajaze chini yake, ili nafasi tupu isiachwe kamwe kuwa kubwa. Kazi ikawa ya polepole na ya kuchosha. Mnamo Agosti 1849, mrija wa kwanza ukiwa ungali unapanda, kitako cha silinda ya mashine moja kilipasuka ghafla. Tani zile zote zikaanguka. Zikaanguka inchi chache tu, zikatua juu ya kile kilichojazwa chini. Mrija ulipata madhara, lakini daraja liliokoka, na mwezi Machi 1850 treni zikaanza kupita.

Mjomba wangu hakuwahi kusikia jina la Stephenson. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Lakini yeye na mhandisi yule walikuwa na sheria moja, na Mjomba aliilipia kwa bei kubwa zaidi.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikajikuta imebanwa. Mafuta yake na shaba yake vilipita kusini. Njia ya kuikwepa Rhodesia ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwa upande wetu peke yake, na sehemu kubwa yake haikuwa na lami. Malori yakaanza kumiminika yakiwa na mapipa ya petroli na dizeli yakienda, na shaba yakirudi. Kiangazi palikuwa na vumbi la kumpofusha mtu, masika palikuwa na matope ya kumeza tairi zima. Wageni waliiita njia ile mbio za jehanamu. Hali ilianza kutulia bomba la mafuta lilipofika Ndola mwaka 1968, kisha lami ikaja, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi.

Mjomba aliingia katika njia hiyo mwaka 1966 akiwa utingo, na baadaye akawa dereva. Nasi tuliishi Ipogoro, pale chini ya mlima wa Iringa mjini, ambapo barabara kuu inapita. Lori lake likipita alipiga honi mara tatu, nasi watoto tulitoka mbio, kwani hakukosa kutushushia nanasi au kifungu cha miwa.

Hadithi ya Kitonga alitusimulia mara moja tu, nami nilikuwepo. Ilikuwa masika ya mwaka 1967. Lori lao lilipata pancha kwenye ule mlima, tairi la nyuma la ndani. Palikuwa na utingo wawili, yeye na mwenzake mmoja kijana, ambaye Mjomba siku zote alimtaja kwa neno marehemu bila jina. Waliweka ubao juu ya matope, na jeki juu ya ubao, wakainua. Dereva alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Marehemu akaingia chini kuangalia springi. Ubao ukazama upande mmoja, polepole, kama mtu anayesinzia, na jeki ikainama pamoja nao. Mjomba alisema hakusikia kelele yoyote kutoka kwa mwenzake. Alisikia tu lori likikaa.

Tangu siku ile Mjomba alibeba magogo mawili ndani ya lori. Alilichonga la kwanza yeye mwenyewe kwa shoka la kuazima. Alikuwa akiinua kidogo, anasukuma gogo chini ya ekseli. Anainua tena, anaongeza ubao juu ya gogo. Madereva wenzake walimcheka, wakamwita seremala. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mitano na hakuona tena lori likikaa juu ya mtu.

Alipoacha kazi mwaka 1981 kwa sababu ya macho, alikuja nyumbani na jeki yake ya mafuta pamoja na gogo moja, akamkabidhi baba yangu. "Shemeji," akasema, "hivi viwili ni ndugu. Usivitenganishe." Baba alicheka, akashukuru, akaviweka stoo. Jeki ikawekwa juu ya rafu. Gogo likawekwa mlangoni, la kuzuilia mlango usijifunge.

Baba alikuwa na Peugeot 404 aliyoinunua mwaka 1975 kwa mtu aliyekuwa anahama. Vijana wa leo hawawezi kuelewa gari lile lilikuwa na heshima gani. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 Bert Shankland wa Tanzania alishinda mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki kwa 404, na kuanzia hapo kila mwalimu na kila karani mwenye akiba alitaka moja. Lakini kufikia mwaka 1983 gari letu lilikuwa linaishi kwa waya na dua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, vipuri havikupatikana, na sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Mwaka huo huo serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu waliogopa kuonekana hata na makopo mawili ya mafuta ya kupikia. Petroli nayo ilibanwa: siku ya Jumapili, baada ya saa nane mchana, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani bila kibali. Ndipo Jumapili alasiri ikawa saa ya matengenezo. Ungepita mtaani ungeona magari yamefunguliwa boneti, na wenye magari wamevaa kaptula kuukuu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Wiki chache kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, jeki ya Mjomba ilikuwa imepungukiwa nguvu. Ukipampu, inapanda nusu na kugoma. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, aliniambia mafuta yake yamepungua, nitafute ya kuongeza. Nilizunguka mji mzima. Mafuta ya haidroliki hayakuwepo, na mafuta mepesi ya mashine hayakuwepo. Nyumbani kulikuwa na chupa ya mafuta ya breki, yamebaki robo. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta. Nikafungua kizibo cha jeki nikayamimina yote. Jeki ikapanda vizuri kabisa. Kaka akanisifu, nami sikumwambia niliyapata wapi, kwa kuwa mafuta ya breki yalikuwa ni mali na Baba alikuwa ameyahifadhi.

Nilikuja kujua baadaye nilichokuwa nimekifanya. Mafuta ya breki hayatokani na mafuta ya mashine. Ni kimiminika cha aina nyingine kabisa, na mpira wa sili ya jeki haupatani nacho. Ukikaa ndani yake, sili huvimba na kulainika, mwishowe inakuwa kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Jeki ile ilipanda vizuri siku ya kwanza. Kuanzia hapo ilikuwa inaoza ndani kwa ndani, wala kwa nje hapakuonekana kitu.

Jumapili hiyo Kaka alitaka kufunga upya bomba la ekzosi ambalo lilikuwa limeng'oka na kuning'inia. Aliinua gari ubavuni, akajilaza chini kwa mgongo, nami nikachuchumaa pembeni kumpa spana. Mjomba alikuja wakati huo, akitembea taratibu na bakora yake kwa sababu ya macho. Nikamwamkia, "Shikamoo Mjomba." Akaitikia marahaba, kisha akasimama kimya akitazama upande wa gari. Sijui aliona nini kwa macho yale. Aliuliza jambo moja tu: "Gogo liko wapi?"

Nikaenda kulichukua mlangoni. Ninakiri kwamba nilikwenda kwa uvivu, nikiona kwamba wazee wana mambo mengi. Nililisukuma kwa mguu mpaka chini ya ule ukingo wa chuma wa ubavuni, nyuma kidogo ya jeki. Kaka kule chini alinung'unika kwamba namzibia mwanga. Palibaki nafasi ya kama upana wa kiganja kati ya gogo na chuma. Mjomba akasema ongeza ubao. Niligeuka kuutafuta.

Sikuwa nimekwenda hatua tatu. Ilisikika sauti kama mtu aliyetema mate, kisha kishindo. Nilipogeuka gari lilikuwa limelala ubavu mmoja juu ya gogo, mafuta yanamwagika kutoka kwenye jeki, na Kaka anapiga kelele. Zilikuwa kelele za maumivu, nami mpaka leo namshukuru Mungu kwa kelele zile, kwa sababu nilikumbuka kwamba marehemu wa Kitonga hakupiga. Majirani walikuja, wanaume sita wakanyanyua ubavu wa gari kwa mikono, tukamvuta. Bomba la ekzosi lilikuwa limemkandamiza begani, na mfupa wa mtulinga ulivunjika. Ulipona ukiwa umepinda kidogo. Kovu lile la mstari juu ya gogo ni alama ya ukingo wa 404.

Hakuna aliyeuliza habari za mafuta. Wote walisema jeki imezeeka. Nami nikanyamaza, na kunyamaza huko kulidumu miaka kumi na mitatu. Kila nilipomwona Kaka akivaa shati na kuinua mkono ule kwa shida, nilisema kesho nitamwambia.

Nilimwambia mwaka 1996, Mjomba alipofariki, usiku wa matanga, tukiwa tumekaa nje penye moto. Nilimweleza yote, chupa, robo iliyobaki na jinsi nilivyodhani mafuta ni mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mdogo wangu, hilo lilikuwa kosa. Lakini lililonivunja bega si hilo. Hata ungeweka mafuta yenyewe, siku moja sili ingekufa. Kosa lilikuwa langu, kulala chini ya kitu kinachoinua nikidhani kinashikilia."

Maneno hayo ya Kaka ndiyo ninayotaka msomaji aondoke nayo. Jeki huinua, haishikilii. Stephenson aliyajua hayo mwaka 1849, akiwa na mashine bora kuliko zote za zama zake. Mjomba aliyajua kuanzia 1967. Kila kizazi kinaonekana kulazimika kujifunza upya, na mara nyingi anayelipa ada ni yule kijana wa uvunguni, siyo mwenye gari wala mwenye haraka.

Nilimweleza yule kijana wa jirani mambo haya, kisha tukafanya kazi pamoja. Niyataje hapa kwa utaratibu, kwa kuwa hayana siri. Tulishusha gari kwanza, tukalisogeza mpaka mahali pagumu na pa usawa. Tuliweka breki ya mkono na gia. Lakini nilimweleza kwamba hivyo viwili havitoshi. Katika magari mengi breki ya mkono hushika matairi ya nyuma tu, kwa hiyo ukiyainua hayo hewani hakuna kilichoshikwa tena. Na gia nayo hudanganya, kwa kuwa tairi moja la upande unaovutwa na injini likiwa hewani, lina uhuru wa kuzunguka, na mwenzake aliye chini akapata uhuru wa kubingirika. Kwa hiyo tuliweka mawe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini.

Tofali la saruji nililitupa kando. Tofali halikuonyi, linabeba, linabeba, kisha kwa mara moja linakuwa kokoto. Chini ya jeki tuliweka kipande cha ubao mpana na mnene. Jeki tukaiweka mahali palipotengenezwa na kiwanda, kwenye ukingo ulioimarishwa, siyo popote penye bati. Kama tungekuwa tunabadilisha tairi, tungelegeza nati kidogo kabla ya kuinua, ili nguvu za kusukuma spana zisilitikise gari likiwa juu. Tukainua. Halafu, kabla mtu hajaingiza hata mkono, tukaweka chini ya gari zile stendi za chuma za miguu, ambazo nilimtuma akaziazime gereji ya jirani, tukalishusha gari likakaa juu yake. Nililisukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu, nikiwa nimesimama nje. Kama litaanguka, na lianguke wakati huo. Halikutikisika. Tairi lililofunguliwa tukalilaza chini ya ukingo, kama tahadhari ya mwisho.

Kijana alitazama yote hayo akaniuliza, kwa adabu, kama kweli kazi ya nusu saa inahitaji maandalizi ya nusu saa. Nikamjibu ndiyo. Akaingia uvunguni, akafunga kile alichokuwa anakifunga, akatoka. Ilimchukua dakika kumi na mbili, niliangalia saa.

Jioni alikuja kunirudishia mkate, ameununua mwingine. Nikamwonyesha gogo. Alilipapasa lile kovu kwa kidole, akauliza gari lilikuwa aina gani, nami nikamwambia. Aliuliza pia kama yule marehemu wa Kitonga alikuwa na jina. Nilimjibu kwamba bila shaka alikuwa nalo, ila Mjomba alikwenda nalo. Basi tukakaa kidogo barazani, kisha akaaga, nami nikalirudisha gogo stoo.